Kanuni ya Kumi na Moja

Eilidh wa kaunta ya pili ndiye aliyenionyesha,
siku ya mvua ya kupigwa ubavuni, hapa Dundee,
abiria wawili wakigombania mwavuli mmoja mweusi
nami nina barua pepe elfu tatu na mia sita
ambazo hazijafunguliwa.
"Bofya hapa," akasema. "Andika unachotaka.
Mashine haichoki kuwa karani."

Kazi yangu ni vilivyosahauliwa kwenye mabasi:
glavu za mkono mmoja, meno ya bandia,
fidla isiyo na nyuzi.
Kila kimoja nakifunga kikaratasi, tarehe, namba ya basi,
nakipandisha kwenye rafu yake.
Nikajiambia, mtu wa rafu atashindwaje na folda?

Usiku ule, ghorofa ya nne,
kwenye jengo lililokuwa kiwanda cha magunia,
nikatunga sheria kama mfalme mdogo mwenye kikombe cha chai.
Ikiwa mtumaji ni kampuni ya umeme, basi weka lebo nyekundu.
Ikiwa mada ina neno "punguzo", basi futa, usiniulize.
Ikiwa ni daktari wa meno, nyota.
Ikiwa ni msimamizi wa zamu, piga kengele,
hata kama sitaki kuisikia.
Halmashauri iliniandikia juu ya mapipa,
la bluu wiki hii, la kijivu wiki ijayo;
programu ikaitupa kwenye taka yenyewe, bila kutumwa.
Haikukosea sana.

Ya kumi ilikuwa ya Mwajabu.
Dada yangu hutuma dua kutoka Muheza,
dua zenye maua yanayometameta,
"sambaza kwa watu ishirini kabla ya magharibi,"
na maji ya tangawizi yanayoponya goti,
na onyo kuhusu chupa za plastiki.
Ikiwa mada ina neno "sambaza", basi
usiniletee, peleka folda ya Baadaye.
Nikabofya Hifadhi. Kikasha kikabaki
cheupe kama sahani iliyorambwa.
Nililala usingizi wa mtu aliyemaliza madeni.

Baadaye ni mahali. Sikujua.
Panapokea, panameza, hapapigi hodi.

Februari ukungu wa bahari ukapanda mtaani
hata ukafuta taa za daraja la Tay.
Mafua yakanilaza siku tatu,
simu ndiyo mgeni pekee.
Nikaifungua Baadaye, angalau nicheke.
Mia mbili na kumi na nne.
Nikateremka na dua moja mpaka chini kabisa,
chini ya maua, chini ya majina ya waliosambaza kabla yake,
pale ambapo hafiki mtu,
na hapo, kwa herufi ndogo, bila salamu:

leo nimepika bada, nikakumbuka ulivyokuwa ukiichukia

Nikafungua nyingine, nikaenda chini moja kwa moja.

mchungwa wa ukutani umekatwa, wamepitisha bomba

Nyingine.

macho yananisumbua, usimwambie mama

Nyingine.

umeshapata koti?

Hiyo ilikuwa ya Oktoba.
Koti nililipata Oktoba. Hakuna aliyeniuliza,
ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu.

Dada yangu hakuwahi kujua namna ya kuanza barua.
Shuleni alikuwa akiazima sentensi ya kwanza
kutoka daftari langu.

Jumatatu Eilidh akauliza kama vichujio vinafanya kazi.
Vinafanya, nikamwambia, vinafanya kupita kiasi.
Mzee mmoja alikuwa dirishani akiulizia fidla
aliyoiacha basini tangu kiangazi;
nikaishusha, nikaipangusa vumbi kwa mkono wa shati.

Ya kumi sikuifuta. Nimeiwekea nyingine juu yake,
maana mashine husoma kutoka juu:
Ikiwa mtumaji ni Mwajabu, basi
usifanye kitu. Simamisha kanuni zote.
Iache palepale, nzito, na maua yake.

Kisha nikaichukua dua ya jana,
nikamrudishia yeye peke yake kati ya watu ishirini,
nikashuka, nikashuka, mpaka chini,
nikaandika kwa herufi ndogo:

la kijani, lina kofia. macho wamesemaje?